Kupaka rangi kalipa na dramu zenye kutu ukiwa nyumbani: mwongozo kamili

Gari likilala nje usiku mmoja wa mvua ya Aprili hapa Kampala, asubuhi utakuta diski za breki zimegeuka rangi ya chungwa. Kutu hiyo isikusumbue. Ukitoka getini na kukanyaga breki mara mbili tatu, pedi zinaifuta yote na diski inang'aa tena. Kutu ninayotaka tuishughulikie ni ile isiyofutwa na kitu: inayokaa kwenye mwili wa kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), kwenye ukingo wa diski na sehemu yake ya katikati inayoonekana kupitia rimu, na kwenye dramu za nyuma, yale makopo ya chuma yanayofunika breki za nyuma. Hiyo haiondoki yenyewe. Inavimba, inabanduka magamba, na siku moja fundi anashindwa kufungua bolti kwa sababu kichwa chake kimeliwa.

Magari yetu mengi yametumika Japani miaka mingi kabla ya kufika kwetu, na hata baada ya sheria ya mwaka 2018 kuzuia kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, bado tunapokea vyuma ambavyo vimeishi maisha marefu kwingine. Gari lililotoka kaskazini ya Japani, kule Hokkaido, limepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi ni rafiki mkubwa wa kutu. Kisha linafika hapa na kukutana na vumbi letu jekundu, ambalo likilowa linaganda kwenye kalipa kama udongo wa kukandika nyumba na kushika unyevu siku nzima hata jua likiwaka.

Nimefanya kazi hii kwenye magari matatu ya nyumbani na kadhaa ya majirani. Nilichojifunza ni kwamba rangi yenyewe ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni kuondoa kutu, kukausha chuma, na kujua mahali ambapo brashi haitakiwi kugusa kabisa. Anayekosea rangi anapoteza pesa kidogo. Anayepaka pasipotakiwa anaweza kupoteza gurudumu barabarani, na nitaeleza jinsi nilivyoliona hilo kwa macho yangu.

Kwanza, je, kuna cha kupaka?

Rangi haitengenezi breki. Kabla hujanunua hata msasa, toa gurudumu moja na uangalie kwa tochi. Ukiona unyevu wa mafuta ya breki kuzunguka pistoni ya kalipa, au mafuta yamechuruzika ndani ya dramu, acha habari ya rangi na umtafute fundi. Paipu ya mpira ikiwa na nyufa ukiikunja kidogo, inabadilishwa. Paipu ya chuma ikiwa imeliwa na kutu hadi ina vishimo, inabadilishwa pia, na hapa nasisitiza: usiipake rangi eti ipendeze, kwa maana utakuwa umeficha ugonjwa.

Diski nayo ina kipimo chake. Kwenye diski nyingi kimeandikwa unene wa mwisho unaoruhusiwa, kwa milimita, mara nyingi kwenye ukingo au sehemu ya katikati, karibu na herufi MIN. Brashi ya waya itakufunulia maandishi hayo. Ikiwa diski yako imefikia namba hiyo au imeshuka chini yake, hakuna haja ya kuipamba; nunua nyingine.

Vitu vya kutafuta

Kwa breki za gari dogo, mahitaji si mengi: brashi ya waya ya mkono na nyingine ndogo ya ukubwa wa mswaki, msasa namba 80 na namba 180, bisibisi kuukuu ya kukwangulia, dawa ya kusafishia breki, tepu ya karatasi, kavera na magazeti ya kufunikia, glavu, miwani ya kazi, barakoa, na brashi mbili za rangi, moja ya inchi moja na nyingine nyembamba. Ongeza grisi ya silikoni kwa ajili ya pini za kalipa. Upande wa kuinua gari unahitaji jeki, stendi mbili za chuma, kabari za magurudumu na spana.

Rangi ndiyo inayohitaji macho. Breki hugeuza mwendo kuwa joto, na ukishuka kutoka Kapchorwa au kwenye milima ya Kabale, diski hupita nyuzi joto 200 kwa urahisi. Rangi ya mafuta ya milango na madirisha haijatengenezwa kwa hali hiyo: inalainika, inageuka njano, kisha inabanduka kama ngozi. Tafuta kopo lililoandikwa kuwa ni la kalipa au la joto kali, na lenye namba ya nyuzi inazohimili. Kwa breki, nyuzi 250 na kuendelea zinatosha.

Siku moja nilikuwa kwenye maduka ya spea ya katikati ya jiji, nikamuuliza muuzaji kijana, "Hii ni ya joto?"

"Ni ya joto, mzee, hata injini wanapaka."

Nikaligeuza kopo. Halikuwa na namba yoyote ya joto. Lilikuwa na picha ya geti na kiti cha bustani. Sikumlaumu, alitaka kuuza. Lakini soma kopo mwenyewe, hapo hapo kaunta, kabla hujalipa. Na ile rangi ya fedha ya mabomba ya moshi, inayohimili nyuzi 600, siipendi kwa kalipa, kwa sababu nyingi za aina hiyo haziivi mpaka zichomwe kwa joto kubwa kuliko kalipa inavyofikia kwa mwendo wa kawaida. Zinabaki laini, na mafuta ya breki yakidondoka yanazitafuna.

Ya kopo la kupuliza au ya brashi? Kwa kazi ya nyumbani mimi nachagua brashi. Kupuliza kunapendeza kwenye picha, lakini uani kuna upepo, na punje za rangi zinatua kwenye diski, kwenye mpira, na kwenye gari la jirani. Brashi unaiongoza. Tena rangi ya aina hii hujisawazisha yenyewe ikikauka, alama za brashi hazionekani sana.

Kuhusu rangi gani, kila mtu na roho yake. Mimi hupaka kijivu au fedha. Si kwa urembo: juu ya rangi nyepesi, mafuta ya breki yakianza kuvuja unaona doa jeusi lenye vumbi siku ile ile. Juu ya nyeusi, unaweza kukaa mwezi bila kujua.

Siku ya kufanya kazi

Chagua Juni hadi Agosti, au Desemba hadi Februari. Ukilazimika kufanya katika msimu wa mvua, anza saa mbili asubuhi umande ukishakauka, na ujue kwamba mvua ya alasiri itakuja. Hesabu siku mbili kamili ambazo gari halitakwenda popote. Usijidanganye kwamba utamaliza Jumapili baada ya ibada na Jumatatu uende kazini. Safisha Jumamosi, paka Jumamosi mchana, acha Jumapili yote ikauke.

Kuinua gari

Simamisha gari kwenye sakafu ngumu iliyo tambarare. Udongo laini hauaminiki, maana stendi huzama polepole bila kukupigia kelele. Legeza nati za gurudumu kidogo gari likiwa bado chini, kisha inua, weka stendi, shusha gari likae juu ya stendi, na ulisukume kwa bega uone kama linatikisika. Matofali na mawe hayabebi gari. Tofali linapasuka ghafla, na anayekuwa chini hana muda wa kutoka.

Ukifanya magurudumu ya mbele, vuta breki ya mkono na uweke kabari nyuma. Ukifanya dramu za nyuma, breki ya mkono lazima iachiwe, la sivyo dramu haitatoka. Kwa hiyo kabari za mbele ziwe imara, pande zote mbili za tairi. Fanya gurudumu moja baada ya jingine. Upande ambao hujaugusa utakuwa mwalimu wako ukisahau kitu kilikaaje, na piga picha kwa simu pia.

Kufungua

Si lazima uondoe kalipa kwenye gari kabisa. Ukifungua paipu ya mafuta, hewa inaingia, na utahitaji kutoa hewa kwenye mfumo mzima. Kwa kazi yetu, fungua bolti mbili zinazoshika kalipa, itoe taratibu, na uining'inize kwenye springi kwa waya au kamba. Isining'inie kwa paipu yake ya mpira hata dakika moja. Mpira unachanika ndani, nje huoni kitu. Toa pedi, ziweke juu ya gazeti safi, na uandike kwa kalamu ipi ya ndani, ipi ya nje.

Waambie watu wa nyumbani, watoto hasa, kwamba hakuna kuingia garini na kukanyaga breki wakati kalipa iko nje. Pistoni itaruka na mafuta yatamwagika, na kazi ya rangi itageuka kazi ya gereji.

Dramu mara nyingi hugoma kutoka kwa sababu ya kutu iliyoishika katikati. Usiipige nyundo kwa hasira, kwani chuma cha dramu ni cha kumimina na kinapasuka. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili madogo yenye hesi, yaani mifereji ya kukazia bolti. Tafuta bolti mbili za milimita 8, zikaze ndani ya matundu hayo kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, na dramu itajisukuma yenyewe nje. Utasikia mlio mmoja mfupi wa kukatika, ndio kutu inaachia.

Vumbi kabla ya kutu

Lile vumbi jeusi ndani ya dramu usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi za zamani na viatu vya breki vya zamani (vile vinavyosugua dramu kwa ndani), na baadhi ya vile vya bei rahisi, vinaweza kuwa na asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki. Vaa barakoa, lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya kavera iliyofungwa. Halafu osha matope ya nje kwa maji na sabuni ya unga, huku ukilinda pedi na viatu visilowe.

Petroli, dizeli na mafuta ya taa viwe mbali. Najua gereji nyingi zinaoshea kila kitu kwa petroli. Mipira ya kalipa imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki. Ikikutana na petroli inavimba, na kalipa inayovimba mipira hukwama ikiwa imeshika diski. Tumia dawa ya kusafishia breki kwenye chuma, na usiipulize karibu na sigiri wala sigara: nyingine zinawaka, na nyingine, zile zenye klorini, zikipata moto hutoa hewa ya sumu.

Kutu yenyewe

Hapa ndipo utatoka jasho, na hapa ndipo kazi inapopatikana au kuharibika. Anza na bisibisi, kwangua magamba yote yanayobanduka. Fuata na brashi ya waya, ukisugua kwa mizunguko midogo, hasa kwenye pembe za ile fremu inayoshika kalipa. Kisha msasa namba 80 hadi uone chuma, na namba 180 kulainisha mikwaruzo ili rangi ishike vizuri.

Utajuaje umefika? Lowesha kidole kwa mate au maji, pitisha kwenye chuma. Kidole kikitoka na wekundu, rudi kwenye brashi. Kikitoka na kijivu cha chuma, endelea. Jambo hili nilionyeshwa na fundi mmoja mzee wa kuchomelea huko Katwe, naye hakuwahi kupaka kitu chochote bila kukigusa hivyo kwanza.

Vishimo ambavyo brashi haifiki vitabaki na kutu kidogo. Hivyo ndivyo vya kutiwa dawa ya kutu, ile yenye asidi ya fosforiki au ya tanini. Inakutana na kutu na kuigeuza kuwa ngozi nyeusi, ngumu, isiyokula chuma tena. Ipake kwa brashi nyembamba kwenye chuma tu, mbali na mipira, na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Dramu iliyotolewa kwenye gari unaweza pia kuilaza kwenye beseni la siki usiku mmoja. Kutu italainika na kutoka kwa brashi. Ila ukiitoa, isuuze, ifute na uianike juani mara moja, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye asidi hushika kutu mpya ndani ya dakika chache, mbele ya macho yako.

Mara yangu ya kwanza nilipaka mwezi wa Novemba, chuma kikiwa baridi na mimi nikiwa na haraka. Kwa kuangalia kilikuwa kikavu. Wiki tatu baadaye rangi ilikuwa na malengelenge, na nilipopasua moja kwa kucha, chini yake palikuwa na maji mekundu. Tangu siku hiyo, naacha chuma juani mpaka mkono usikie joto, kisha ndipo nafuta mara ya mwisho kwa dawa ya kusafishia breki na sikigusi tena kwa vidole vitupu.

Mahali ambapo rangi haiendi

Soma sehemu hii mara mbili, kisha chukua tepu.

Uso wa diski unaoshikwa na pedi haupakwi, wala ndani ya dramu. Mfereji ambamo masikio ya pedi huteleza haupakwi. Rangi ikijaa humo pedi inakwama, inasugua diski safari nzima na kula mafuta ya gari. Pini ambazo kalipa hutelezea juu yake, mipira yake ya vumbi, pistoni, paipu, skrubu ya kutolea hewa na kofia yake, waya wa kihisi cha ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki): vyote funika. Hesi za bolti pia.

La mwisho ndilo wengi hawalijui: uso bapa ambapo rimu inakutana na diski au dramu. Mimi sikulijua. Nilipaka dramu nzima, uso wote, rangi nzito mara tatu, ikapendeza kweli. Siku iliyofuata nikaondoka na familia kwenda Masaka. Tulipokaribia Lukaya kiti kikaanza kutetemeka. Nikadhani ni barabara. Nilipoegesha na kushika nati za nyuma kushoto, mbili zilizunguka kwa vidole. Rangi ilikuwa imesagika kati ya rimu na dramu, na ile nafasi iliyoachwa ililegeza nati zote. Mke wangu alikuwa kiti cha mbele, watoto wawili nyuma. Nilikaza, nikaendesha polepole hadi Masaka, na jioni hiyo hiyo nikakwangua ule uso hadi chuma cheupe.

Kwa hiyo kata kipande cha tepu, ziba duara lote ambalo rimu hulikalia. Usipojua linaanzia wapi, angalia nyuma ya rimu yako: utaona alama ya mviringo iliyong'aa. Kutu kidogo ya hapo iondoe kwa brashi ya waya, basi, paache hivyo.

Kupaka

Koroga kopo vizuri hadi chini, rangi nzito hukaa kwenye kitako. Paka mkono wa kwanza mwembamba sana, hata kama chuma kinaonekana kupitia rangi. Mkono wa kwanza ni wa kushika, si wa kufunika. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha mkono wa pili, na wa tatu kama unahitajika. Rangi nyingi za kalipa zina sharti: mkono unaofuata upakwe ndani ya muda fulani, mara nyingi saa moja, au usubiri siku kadhaa. Ukipaka katikati ya hapo, rangi ya juu inaikunja ya chini.

Anza na pembe na mashimo kwa brashi nyembamba, malizia sehemu pana. Kwa diski, paka ukingo na sehemu ya katikati nje ya ule uso wa rimu. Zungusha habu (kitovu cha gurudumu) kwa mkono wa kushoto huku brashi ikiwa imetulia mkono wa kulia, na mstari utanyooka. Rangi ikigusa uso wa pedi, ifute papo hapo kwa kitambaa chenye dawa ya kusafishia breki.

Toa tepu rangi ikiwa bado haijakauka sana, vinginevyo itabandua na ukingo wa rangi. Kisha iache saa 24. Vumbi la barabara likiwa jingi, tundika shuka kuukuu kuzunguka gurudumu, lakini lisiguse.

Kurudisha

Vuta pini za kalipa, zifute, zipake grisi ya silikoni kidogo. Grisi ya kawaida ya beringi haifai hapo, inaharibu mipira. Rudisha pedi mahali pake, ya ndani ndani na ya nje nje, kisha kalipa. Ikiwa pistoni imetokeza na kalipa haiingii, isukume taratibu kwa klampu huku ukiangalia chupa ya mafuta ya breki isifurike. Yakimwagika juu ya rangi, ya kalipa au ya bodi ya gari, mwaga maji mengi mara moja. Mafuta ya breki hula rangi.

Nati za gurudumu zikazwe kwa mtindo wa nyota, zikipishana, gari likiwa limegusa chini. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo cha kukaza ni Nm (nyutoni-mita) 103. Kama huna spana ya kupimia, mwombe fundi wa tairi aliye nayo akukazie kabla hujaenda mbali.

Sasa, kabla ya kuwasha gari na kulisogeza, kanyaga breki. Ya kwanza itazama hadi chini, kwa sababu pistoni zimerudi nyuma. Kanyaga tena na tena hadi pedali iwe ngumu kama kawaida. Anayesahau hatua hii hugundua kwamba hana breki akiwa tayari yuko kwenye mteremko wa geti lake. Kagua kiwango cha mafuta kwenye chupa, zunguka mtaani kwa mwendo wa mtu anayetembea, jaribu breki mara tano, kisha ongeza mwendo. Harufu kidogo ya rangi siku ya kwanza ni kawaida. Moshi si kawaida, wala gari kuvuta upande mmoja, simama uangalie.

Baada ya kilomita 50 hivi, kaza nati tena. Barabara za changarawe zitarusha mawe na kutoboa rangi hapa na pale, hasa kalipa za mbele. Kila ukibadilisha tairi au kuosha gari kwa utulivu, pitisha tochi. Doa jipya likwangue kwa kipande cha msasa, lifute, ligusie rangi iliyobaki; kopo lifungwe vizuri na ligeuzwe kichwa chini mahali pasipo na jua, ili rangi izibe mfuniko na hewa isiingie.